Posho ya Safari ya Angani: Mwongozo kwa Mtunzi wa Riwaya

Mtunzi anayekusudia kumpeleka shujaa wake katika anga za juu hana budi, kabla ya kumpa jina, mchumba au adui, kumfanyia hesabu ya posho. Na kwa kuwa maneno haya yanaandikwa Cheyo, katika mji wa Tabora, mahali ambapo katika karne ya 19 misafara iliyotoka Mrima kwenda Ujiji, Karagwe au Katanga ilisimama kuhesabu mizigo yake na kuajiri wapagazi upya, msomaji asistaajabu akiona mwongozo wa mambo ya roketi unaanza na watu waendao kwa miguu. Riwaya nyingi za anga huharibika kwa sababu mtunzi aliidhania fizikia kuwa ni kizuizi cha kisa, akaitupa nje ili kisa kipate nafasi ya kupita. Ilhali sheria zinazotawala mwendo wa vyombo angani ndizo zinazompa muda wa kungoja, deni lisilolipika, njia iliyofungwa na uamuzi usioweza kutanguliwa, yaani vitu vile vile anavyokesha akihangaika kuvibuni.

Tazama kwanza njia ya zamani. Msafara uliotoka Bagamoyo ulivuka Ugogo, ambako ulilipa hongo kwa wakubwa wa nchi waliomiliki maji, kisha ukaingia Mgunda Mkali, pori refu lililotenga Ugogo na nchi hii ya Unyanyembe, ambamo kwa siku nyingi chakula hakikupatikana kwa kununua, na kila kibaba cha mtama kilichokusudiwa kuliwa humo kilibidi kibebwe tangu mwanzo. Tuseme pagazi wa Kinyamwezi hubeba frasila mbili, takriban kilo 32, na tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba hula kilo 1 kwa siku. Pori likiwa la siku 8, pagazi mmoja wa chakula, akiisha kujilisha mwenyewe, atabakiwa na kilo 24, nazo zatosha kuwalisha wenzake 3 waliobeba pembe au nguo. Likiwa la siku 16, atabakiwa na kilo 16, za kumlisha mwenzake mmoja tu. Likiwa la siku 24, watahitajiwa wapagazi 3 wa chakula kwa kila mmoja mwenye bidhaa. Na likiwa la siku 32, mwenye msafara na aajiri watu wote wa Unyanyembe akitaka, haitafika hata pembe moja, kwa maana kila mtu atakuwa amekula mzigo wake njiani. Njia imerefuka mara tatu, kutoka siku 8 hadi 24, na gharama ya kulisha kila mwenye bidhaa imepanda mara tisa.

Roketi ni msafara wa namna hiyo, ila pori lake halina kijiji hata kimoja. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika Urusi, alichapisha mwaka 1903 kanuni inayotawala jambo hili, nayo yasema kwamba fueli itakayotumika baadaye ni mzigo unaosukumwa na fueli inayotumika sasa, kwa hiyo kila nyongeza sawa ya kasi huzidisha uzito wa kuanzia kwa kadiri ile ile. Injini inayotoa moto wake kwa kasi ya kilomita 3 kwa sekunde hudai chombo kiwe kizito mara 2.7 kwa kila kilomita 3 za kasi inazotaka kuongeza. Na kufika kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, pamoja na hasara za kushindana na hewa na uzito, hutaka takriban kilomita 9.4 kwa sekunde. Ukizidisha utaona kwamba kwa kila kilo 1 itakayofika, kilo 23 hivi zilisimama ardhini. Ndiyo sababu roketi ya Saturn V iliyowapeleka watu mwezini ilikuwa na uzito wa tani 2,900 hivi siku ya kuruka, na kilichorudi baharini kilikuwa kichumba cha kama tani 5.

Basi jambo la kwanza la kufanya, ewe mtunzi, ni kukiandikia chombo chako akiba ya mwendo: tarakimu moja, juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako, inayosema jumla ya kasi ambayo injini yaweza kuongeza au kupunguza kabla ya fueli kwisha. Kila shujaa anapowasha injini, toa. Kutoka obiti ya chini kuelekea mwezini ni kilomita 3.1 kwa sekunde. Kuelekea Mirihi ni 3.6, kurudi duniani kutoka obiti ya chini ni mita mia moja na kitu tu kwa sekunde, maana hewa ndiyo itakayofanya kazi iliyobaki. Tarakimu hiyo usimwonyeshe msomaji kila saa, lakini wewe usiipoteze machoni. Kiongozi wa msafara aliyejua kwamba zimebaki siku tano za posho na sita za njia hakuhitaji mwandishi wa kumbunia tabia; tabia yake ilijionyesha yenyewe katika nani alimwambia, na nani alimficha.

Mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya wageni na kwamba sisi tukiyaandika tutakuwa tumeazima nguo isiyotutosha. Kaskazini ya Malindi, katika Ghuba ya Ungwana mbele ya Ngomeni, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimika majukwaa ya chuma juu ya bahari, wakayaita San Marco, na kutoka hapo setilaiti ya kwanza ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, ambayo kwa sababu hiyo ilipewa jina la Uhuru: setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni, na moja ya kazi zilizomletea Riccardo Giacconi nishani ya Nobel mwaka 2002. Setilaiti yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Roketi iliyoibeba, Scout, yenye vipande vinne vilivyoachwa njiani kimoja baada ya kimoja, ilikuwa na tani 20 hivi. Gawanya mwenyewe, uone ni wapagazi wangapi walirudi mikono mitupu.

Kwa nini Ngomeni? Hapa pana hazina ambayo mtunzi wa Afrika ya Mashariki amerithi bila jasho, na mara nyingi anaipuuza. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mtu aliyesimama kwenye mstari wa istiwai huchukuliwa nayo kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde, bila yeye kuhisi lolote. Tabora, iliyo nyuzi 5 kusini ya istiwai, hupata mita 463. Cape Canaveral ya Marekani hupata 408, na Baikonur, walikorushia Warusi, 323 tu. Anayerusha kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure, na anayerusha kuelekea magharibi huilipa mara mbili, kwanza kwa kuifuta na kisha kwa kuitafuta upande wa pili. Fauka ya hayo, roketi inayorushwa moja kwa moja kuelekea mashariki huingia katika obiti yenye mwinamo, yaani pembe kati ya njia yake na istiwai, sawa na latitudo ya mahali iliporukia, na haiwezi kuwa na mwinamo mdogo kuliko huo ila kwa gharama nyingine. Kwa hiyo Uhuru, iliyoruka kutoka nyuzi 3, ilizunguka ikipanda nyuzi 3 kaskazini na kushuka nyuzi 3 kusini, isitoke nje ya ukanda huo mwembamba, na kwa njia hiyo ikakwepa sehemu za anga zenye mnururisho mkali ambao ungezichafua ala zake.

Lakini hadhari: mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, na mashariki ya Tabora ni Singida na Dodoma. Ukitaka kujenga uwanja wa roketi katika mbuga za Unyamwezi, jambo ambalo mimi ningelipenda sana kulisoma, vipande vya kwanza vya roketi yako vitaanguka juu ya mashamba ya watu, na riwaya yako haina budi kuwa na kikao cha fidia, mkuu wa wilaya aliyekasirika, na mzee mmoja ambaye paa la nyumba yake limetengenezwa kwa bati zuri kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye kosa linalopatikana katika miswada mingi kuliko makosa mengine yote. Mtunzi huandika kwamba chombo kimefika juu, uvutano wa dunia ukaisha, na watu wakaanza kuelea. Uvutano haukwisha. Katika kimo cha kilomita 400, kinapozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga, dunia huvuta kwa nguvu inayokaribia asilimia 89 ya ile iliyopo hapa Cheyo. Watu huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, usiku na mchana, na hawafiki chini kwa kuwa wanakwenda upande kwa kasi kubwa mno, kilomita 7.7 kila sekunde, hata ardhi yenyewe inapinda na kuondoka chini yao kwa kiasi kile kile wanachoanguka. Isaac Newton alilieleza jambo hili kwa mfano wa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu, katika kitabu chake cha mwaka 1687, miaka 270 kabla ya Sputnik, na ni aibu kwa mtunzi wa leo kuwa nyuma yake.

Kutoka hapo linazaliwa kosa la pili, ambalo ni mtoto wa la kwanza: fueli imekwisha, injini imezima, chombo kinaporomoka kuelekea duniani, shujaa anapiga kelele. Hapana. Chombo kilicho katika obiti kikizima injini huendelea kuzunguka kama kilivyokuwa kikizunguka, kila dakika 92 au 96, siku baada ya siku. Na msiba wa aliyeishiwa na fueli ni kwamba hawezi kushuka. Atakuwa akipita juu ya nyumbani kwao mara nyingi kila siku, akiiona nchi yake yote kwa dakika chache, na asiwe na mita mia moja na kitu za kasi za kumrudisha. Niambie, ewe mtunzi, ni kelele gani za kuporomoka zinazoweza kushindana na hali hiyo?

La tatu ni mbio. Katika filamu na riwaya, chombo kimoja kinakifukuza kingine kwa kukielekezea pua na kuongeza moto. Tarehe 3 Juni 1965 rubani James McDivitt, akiwa katika chombo cha Gemini 4, alijaribu jambo hilo hilo: nyuma yake kilikuwa kipande cha roketi iliyomrusha, naye akakielekea na kuwasha injini, na kadiri alivyozidi kukielekea ndivyo kilivyozidi kumtoroka, mpaka fueli nyingi ikatumika na jaribio likaachwa. Sababu yake ni sheria za Johannes Kepler za tangu mwaka 1609 na 1619: aliye karibu na dunia huzunguka upesi, aliye mbali huzunguka polepole. Ukiongeza kasi unapanda juu, na ukipanda juu unachelewa. Kwa hiyo anayetaka kumpata aliye mbele yake hupunguza mwendo, akashuka, akapata njia fupi na ya upesi, kisha akapanda tena anapomkaribia. Tarehe 15 Desemba mwaka ule ule, Gemini 6 na Gemini 7 walilifanya hilo kwa utaratibu wa saa kadhaa, wakakaribiana mpaka sentimita 30 hivi.

Chukua kanuni hii uiweke mfukoni: katika obiti ya chini, kila kilomita 10 unazoshuka chini ya unayemfukuza zitakupa kilomita 94 hivi za kumkaribia katika kila mzunguko. Adui akiwa mbele kwa kilomita 940, nawe umeshuka kilomita 10, utampata baada ya mizunguko 10, yaani saa 15 na zaidi. Waungwana hawa wawili watakuwa na usiku kumi na michana kumi ya kutazamana, kila mmoja akijua saa na dakika ya kukutana kwao. Mtunzi asiyeona utamu wa mbio za namna hii, ambamo mtu hupunguza mwendo ili amwahi adui yake na kila mmoja ana nafasi ya kula, kulala na kujuta kabla ya pigo la kwanza, heri aandike habari za pikipiki.

Kugeuza uelekeo ni ghali kuliko yote, na hapo ndipo hata mafundi wakubwa hujisamehe. Filamu ya Gravity ya mwaka 2013, iliyotengenezwa kwa ustadi wa kupendeza macho, inawatoa watu kwenye darubini ya Hubble na kuwapeleka kwenye Kituo cha Kimataifa kwa kifaa cha kubebwa mgongoni. Ilhali Hubble huzunguka kwa mwinamo wa nyuzi 28.5, na kituo kwa mwinamo wa nyuzi 51.6. Kuhama kutoka obiti moja hadi nyingine hutaka takriban kilomita 3 kwa sekunde, karibu sawa na safari ya kwenda mwezini. Watazamaji hawakulalamika, nami sikutoka ukumbini. Lakini mtunzi ajue kwamba vyombo viwili vyaweza kupishana kila siku kwa umbali wa kuonana, na bado vikawa mbali kuliko Tabora na mwezi kwa hesabu ya posho.

Baada ya hayo, shuka ardhini usimame uwanjani, kwa maana mhusika anayetazama juu naye ana sheria zake. Setilaiti haina taa ya kuonekana kutoka huku. Huonekana kwa kumulikwa na jua wakati mtazamaji yuko gizani. Kwa chombo kilicho kimo cha kilomita 400 kikipita utosini, hali hiyo hudumu kama dakika 80 tu baada ya jua kutua, na muda kama huo kabla ya kuchomoza. Nchi yetu hufuata saa ya longitudo ya nyuzi 45, nasi Tabora tuko karibu na nyuzi 33, kwa hiyo jua letu huchelewa kutua, aghalabu kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika 10. Basi bibi aliyekaa chini ya mwembe wa Cheyo anaweza kuiona nyota itembeayo mpaka saa 2 na robo hivi, nayo itapita kwa dakika tano au sita. Ukimwonyesha nyota hiyo utosini usiku wa manane, umemdanganya bibi na msomaji pamoja.

Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipokuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alivuka bara letu akitokea upande wa Kano na kuelekea Unguja, ambako palikuwa na kituo cha kufuatilia safari hizo huko Tunguu, akazungumza nacho kwa redio. Alikuwa ameruka Florida saa 11 na dakika 47 jioni kwa saa yetu, na ilimchukua zaidi ya nusu saa kidogo kufika huku. Mtunzi wa riwaya ya kihistoria angependa sana kumweka mvulana wa Tabora School uwanjani, akiinua kidole na kukionyesha chombo cha Glenn, Friendship 7, kikipita. Ole wake: ilikuwa saa 12 na robo hivi, jua lingali juu, na hapakuwa na cha kuonyesha. Mpe kijana redio. Sauti zilizokuwa zikipita hewani zilikuwa na thamani zaidi ya nukta ya mwanga, na mtunzi hatakamatwa.

Angalia pia kwamba muda wa mzunguko si muda wa kurudi utosini. Uhuru ilizunguka kwa dakika 96, lakini katika dakika hizo dunia nayo ilikuwa imegeuka nyuzi 24 kuelekea mashariki, kwa hiyo setilaiti ilibidi iifukuze, na mtu wa Malindi aliyeingoja ilimjia tena baada ya dakika 103 hivi. Dakika 7 ni chache, lakini katika kisa cha mtu anayengojea ishara ya redio zatosha kumfanya akate tamaa, azime mtambo na aondoke.

Safari ndefu nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa vitabu vyake ni vingi. Mwezi uko kilomita 384,400, siku tatu za safari, na neno hufika kwa sekunde 1.3. Mirihi neno huenda kwa dakika 3 mpaka 22, kwa kadiri sayari zilivyokaa, basi shujaa aliye huko hawezi kubishana na mama yake. Wataandikiana barua, na Kiswahili kina hazina kubwa ya barua. Njia ya fueli chache, aliyoieleza Walter Hohmann mwaka 1925, huchukua siku 259 kwenda, nayo hufunguka kila miezi 26. Aliyefika atakaa huko mwaka na robo hivi kabla njia ya kurudi haijafunguka, apende asipende. Usimwokoe kwa chombo kilichoruka kesho yake.

Je, ni haramu kuvunja sheria? La. Katama Mkangi, katika riwaya yake ya Walenisi ya mwaka 1995, alimpeleka mhusika wake Dzombo kwa chombo hata nchi ya mbali bila kutuhesabia fueli, na hakuna msomaji mwenye akili atakayemdai, kwa sababu chombo kile ni cha kubebea istiari, na istiari haina uzito. Arthur C. Clarke, ambaye mwaka 1945 alieleza jinsi setilaiti tatu katika kimo cha kilomita 36,000 hivi zingeweza kurusha mawasiliano ya dunia nzima, alipotaka mwaka 1979 kuandika riwaya ya ngazi ya kupandia mbinguni alihitaji mlima juu ya istiwai; akakichukua kisiwa cha Sri Lanka, akakisogeza kusini mpaka kikakaa pale, na akamwambia msomaji wazi kwamba amekisogeza. (Sisi tuna Mlima Kenya, ambao istiwai inaupitia bila kusogezwa na mtu, nangoja atakayeutumia.) Andy Weir alitunga programu ya kompyuta ili apate njia sahihi ya chombo chake katika riwaya ya The Martian, na bado akaanza kisa kwa dhoruba ambayo hewa nyembamba ya Mirihi haiwezi kuizaa, naye alijua. Waandishi hawa walivunja sheria moja, mahali pamoja, mapema, kwa makusudi. Asiyesameheka ni yule anayevunja sheria katika sura ya mwisho ili kumtoa shujaa mtegoni.

Kuhusu lugha nitasema machache. Chagua istilahi zako na uzishike: ukisema obiti, usibadili kesho; ukiita sayari kwa majina yake ya zamani, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali, usije ukachanganya na ya Kizungu katika ukurasa ule ule. Mhusika aliye fundi azungumze kifundi, kwa ufupi, kama makanika azungumzavyo na makanika mwenzake, wala asimweleze mwenziwe jambo wanalolijua wote wawili. Maelezo yakihitajika, yape mtu anayeogopa, kwa kuwa mwoga huuliza.

Nimalizie kwa zoezi. Shujaa wako ameruka kutoka Ngomeni moja kwa moja mashariki, yuko katika obiti ya kimo cha kilomita 540 na mwinamo wa nyuzi 3, kama ile ya Uhuru, na akiba yake ya mwendo ni mita 300 kwa sekunde. Mama yake mgonjwa yuko Cheyo, nyuzi 5 kusini. Kushuka kutamgharimu mita 140 hivi. Kuigeuza obiti yake ili ifike nyuzi 5 kutamgharimu mita 265. Hawezi kufanya yote mawili. Laiti siku ya kuruka angelielekeza roketi nyuzi 4 tu kusini ya mashariki, angelipata mwinamo wa nyuzi 5 kwa gharama ndogo isiyofaa hata kuhesabiwa; lakini siku ile alikuwa amegombana na nduguze, na hakukusudia kurudi Tabora kamwe. Obiti yake haivuki nyuzi 3 kusini. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu. Basi na angoje mizunguko michache, mpaka njia yake ipite juu ya Usukuma, awashe injini akiwa bado mbali magharibi, na ashuke huko akiwa amebakiwa na mita 160 zisizomfaa kitu tena. Na kutoka Mwanza ipo reli, iliyofunguliwa tangu mwaka 1928, itakayomfikisha Tabora kwa mwendo wa treni, akiwa ameketi daraja la tatu pamoja na watu wenye magunia ya dagaa, wasioelewa kwa nini kijana huyu hawezi kusimama vizuri kwa miguu yake.